Taa Isiyonihitaji

Kabla ya ile taa kuja, mimi nilikuwa mtu muhimu. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa, na ukibisha kamuulize shangazi yangu. Yeye ni daktari wa meno. Ana kliniki ya vyumba vitatu juu ya duka la vitambaa: chumba cha kusubiri, chumba cha kuoshea vifaa, na chumba chenyewe, chenye kile kiti cha kulala na hadubini inayoning'inia kwenye mkono wa chuma kama twiga anayechungulia midomo ya watu. Humo ndani hakuna Shangazi. Kuna Daktari. Ukijisahau ukamwita Shangazi mbele ya mgonjwa, utakula jicho mpaka jioni.

Ile hadubini ilikuwa na taa ya kizamani, balbu ya halojeni. Balbu ndogo hivi, haizidi kidole cha mtoto, lakini joto lake ungeweza kupigia pasi shati. Ndiyo maana iliwekewa feni yake, na feni ilikoroma kama mjomba aliyeshiba. Sasa kila baada ya siku kadhaa, katikati ya kazi, pap! Giza. Daktari hata kichwa hainui. Anasema neno moja tu.

"Balbu!"

Hapo ndipo naingia mimi. Mfukoni nina balbu tatu muda wote. Nachukua kitambaa, natoa iliyokufa bila kuungua, naweka mpya bila kuigusa kwa kidole, maana mafuta ya kidole yakibaki kwenye kioo chake inapasuka kabla ya siku zake. Sekunde arobaini. Nimezihesabu. Wagonjwa walikuwa wananiita Fundi. Hebu fikiria, umetoka shule na matokeo ya katikati, yale ambayo baba akiyaona anasema "haya" na kuendelea na gazeti lake, halafu mtu mzima mwenye suti anakuita Fundi. Acha tu.

Na kulikuwa na barua. Chuo cha wasaidizi wa meno kinachukua mtu mmoja tu kutoka kila kliniki, na mtu huyo lazima aende na barua ya daktari wake. Mwaka mzima Shangazi alikuwa ananiambia, "Ukitulia, barua ni yako." Mimi na kutulia ni paka na maji, lakini nilitulia. Nilipiga deki. Nilichemsha vifaa. Nilivumilia watoto wanaong'ata vidole. Ile barua nilikuwa naiona hata nikifumba macho.

Halafu mdogo wangu akamaliza shule.

Nyumbani tunamwita Sindano, kwa sababu ni mwembamba na akikugusa lazima ushtuke. Matokeo yake siyataji, mama ameshayatangaza mtaa mzima. Alikuja kliniki "kusaidia kidogo tu". Siku ya kwanza, hajavaa hata glavu, akatazama ile skrini ndogo ya ukutani inayoonyesha kile Daktari anachokiona kwenye hadubini, akasema:

"Daktari, mbona kila mgonjwa hapa ana meno ya njano?"

"Ni mwanga," nikamjibu mimi. "Umeshazoea kujiona kwenye simu, hujui maisha."

"Kwa hiyo anayeumwa na asiyeumwa wote wanafanana?"

Shangazi akatoa macho kwenye hadubini. Nakuambia hatoi macho kwa mtu yeyote, lakini kwa Sindano alitoa. "Rudia hilo swali," akasema.

Roho yangu ikafanya kitu. Ni kama kutafuna mchanga, unajua, mlio unausikia wewe peke yako.

Kuanzia hapo ikawa taa za LED asubuhi, LED jioni. Sindano alikuwa amesoma sijui wapi. Mwanga wake mweupe kama wa mchana, Daktari. Haiunguzi, haihitaji feni, Daktari. Inaweza kuwaka miaka bila kuguswa, Daktari. Mimi nilikaa kwenye ndoo yangu ya deki nasikiliza mtu anaelezea jinsi nitakavyokuwa sina kazi, na kila mtu anatikisa kichwa kwa furaha.

Taa ilifika Jumatatu. Fundi wa kampuni akaifunga asubuhi hiyohiyo, akasema maneno mawili matatu huku anaangalia saa, akaacha kijitabu cha maelekezo chenye herufi ndogo kama chawa, akaondoka. Shangazi akabonyeza.

Jamani. Sitasema uongo, hata kama nilitaka kuichukia. Haikutikisika, haikukoroma. Iliwaka papo hapo, nyeupe, na jino la mgonjwa kwenye skrini likawa jino. Unaona ufa, unaona kivuli cha ufa. Nilikuwa nimefanya kazi mwaka mzima ndani ya chai ya rangi bila kujua.

"Na balbu hizi je?" nikauliza, nimezishika mkononi.

"Weka kabatini," akasema Shangazi. "Au mpe mtu." Halafu labda aliona uso wangu, akanipa kile kijitabu. "Wewe ndiye mwenyeji wa hii hadubini. Soma chote, mstari kwa mstari, uje utueleze mimi na mwenzako. Mimi nasoma meno, karatasi zinanishinda."

Nikasoma. Nilisoma kama polisi, natafuta kosa. Nikasoma kwamba inakula umeme kidogo, kwamba mgonjwa hahisi joto. Nikasoma kwamba ukiipunguza haigeuki rangi, inabaki nyeupe ileile. Hilo nilitaka kulipita. Nikarudi.

Hapa nieleze kidogo, uelewe nilichofanya. Kuna dawa ya kuziba jino, nyeupe, laini kama siagi. Daktari anaiweka, anaichonga taratibu, akiridhika anaipiga kwa taa maalumu ya bluu, inaganda kama jiwe. Tatizo ni kwamba hata mwanga wa hadubini unaweza kuigandisha kabla ya wakati. Kwa ile taa ya zamani Shangazi alikuwa na mbinu yake: anasema "Punguza!", msaidizi anarudisha kinobu, kile kitufe cha kuzungusha, mpaka namba mbili, mwanga unakuwa wa njano kama mshumaa, na siagi inabaki siagi. Miaka kumi na zaidi anafanya hivyo. Lakini hii mpya, ukurasa wa tatu, chini kabisa, walisema wazi: kupunguza hakutoshi. Ukitaka kuziba, geuza kioo cha rangi ya chungwa kilichofichwa pembeni ya taa, ndipo uweke dawa.

Nikafunga kijitabu nikasimama niende kuwaambia. Naapa nilisimama. Nikafika mlangoni nikamsikia Shangazi anaongea na mgonjwa: "Huyu binti ana jicho. Mtu akiwa na jicho kama hili, mengine yote atafundishwa."

Akiwa na jicho! Na mimi nina nini, pua?

Basi nikawaeleza yote. Umeme, joto, rangi, jinsi ya kufuta vumbi. Nilieleza vizuri mpaka Shangazi akasema, "Ahsante, Fundi." Kile kioo cha chungwa nikakiacha kwenye ukurasa wake. Nilijiambia nakihifadhi tu. Siku ya kuziba itafika, Sindano atakuwa anashika kinobu, na mimi nitasema kwa utulivu, "Subirini kwanza." Wote watageuka. Ndivyo nilivyopanga. Kwenye mpango wangu hakukuwa na mtu anayeumia.

Siku tatu zilikuwa za kusafisha mizizi na kung'oa, hakuna kuziba. Siku ya nne akaja mama.

Mama alikuwa na gego moja, la juu kushoto. Lilitibiwa humo humo kliniki miezi minane nyuma, mimi mwenyewe nikibadilisha balbu, na tangu hapo halikuacha kumsumbua. Akila anatafunia upande mmoja. Baba alikuwa anasema ni mawazo. Shangazi alishaliangalia mara mbili, kila mara anasema, "Wifi, mizizi yote mitatu nimeisafisha, sijui unaumwa nini."

Safari hii akalifungua tena. Sindano kwenye kinobu, kwa kuwa taa ni "yake". Mimi nimepewa bomba la kufyonza mate. Miezi kumi na mbili, halafu mate.

"Wifi," mama akasema kabla hajafunguliwa mdomo vizuri, "ukiniua, kaka yako anaoa mwingine."

"Nani atamkubali yule? Panua mdomo."

Kazi ikaanza. Kimya, hakuna feni, unasikia mpaka saa ya ukutani. Shangazi akachungulia muda mrefu. "Mitatu," akasema. "Ile ile. Sioni kitu."

Sindano alikuwa anaangalia skrini. "Daktari, pale kwenye mstari, karibu na ule mzizi mkubwa. Kuna kidoti."

"Wapi?"

"Kushoto kidogo. Kimepauka. Hapo hapo."

Shangazi akapeleka kichokonoo chake, chembamba kama unywele. Kikanasa. Nilikiona kinanasa kwenye skrini, kimezama, hakitoki. Mzizi wa nne. Miezi minane ulikuwa umejificha kwenye mwanga wangu wa njano, na mama anaambiwa ni mawazo.

"Wifi!" Shangazi alipiga kelele kama mtoto. "Hukuwa mwongo! Binti yako ameuona!"

Mama hawezi kusema, mdomo wazi, lakini aliinua mkono, akautafuta mkono wa Sindano, akaushika. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili. Mkono wangu ulikuwa karibu zaidi. Nilipima kwa macho.

Sasa niambie, pale ungefanya nini? Usinijibu. Najua ungefanya nini, wewe mtu mwema.

Wakausafisha ule mzizi, wakauziba kwa chini. Halafu Shangazi akasema, "Haya, tufunge jino. Punguza."

Ndiyo ilikuwa zamu yangu. "Subirini kwanza." Maneno mawili. Niliyahisi kwenye ulimi. Nikamwangalia mdogo wangu, shingo ndefu, bado amejaa furaha ya ule mkono, nikasema moyoni: acha akosee kidogo. Mara moja tu. Nitasema baadaye.

"Nimepunguza, Daktari," akasema Sindano. "Iko mbili."

Shangazi akaweka dawa. Akaanza kuisukuma pembeni. Akasimama. "Mbona inakuwa nzito?"

"Nipunguze tena?"

"Punguza. Haraka."

"Iko moja."

Akasukuma tena, na kwenye skrini nikaiona ile siagi inagoma, inang'oka ukutani mwa jino, inaacha pengo jeusi. Imeganda. Shangazi akachukua mashine akaanza kuitoa. Kutoa kitu kilichoganda mahali pabaya, karibu na sakafu ya jino, si mchezo. Mama aliushika mkono wa kiti. Ganzi ilikuwa inaanza kuisha. Akaongezwa sindano nyingine. Machozi yake yakatelemka pembeni yakaingia sikioni, na mimi na bomba langu la mate nimesimama pale kama mti wa kutundikia nguo.

Akaweka mara ya pili. Ikaganda tena.

"Umegusa nini wewe?" Shangazi akamgeukia Sindano. Sauti ile sijawahi kuisikia. "Umewasha taa ya bluu?"

"Sijagusa, Daktari."

"Dawa haigandi yenyewe!"

"Basi labda... labda nimegusa. Samahani. Itakuwa nimegusa."

Shangazi akafunga jino kwa dawa ya muda, akavua glavu, akasema kazi imekwisha, mama akapumzike kule nje. Akaniita ofisini. Ofisi yenyewe ni kabati lenye dirisha. Akatoa karatasi yenye kichwa cha kliniki, akaandika dakika tano bila kuinua kichwa, akagonga muhuri.

"Nilikuwa naanza kuyumba," akasema. "Nilitaka kumpa yule. Ana jicho, lakini mkono wake hautulii, na mdomoni mwa mtu hatufanyi majaribio. Wewe hujawahi kuniharibia jino." Akanipa.

Nilitoka nayo. Unajua nilitarajia nini? Nilitarajia kupaa. Karatasi ilikuwa nyepesi tu, kama karatasi.

Sindano alikuwa chumba cha kuoshea, anasugua vifaa ambavyo alikwisha kuvisugua. Akaona barua. Akafuta pua kwa mkono wa koti.

"Hongera, kaka," akasema. Na alimaanisha! Hapo ndipo nilipomchukia kabisa. Mtu amekosa, na bado ana nafasi moyoni ya kumpongeza aliyepata. Mimi nafasi hiyo sina. Nikamwonea wivu hata hiyo.

"Haya," nikasema.

"Nikuulize kitu? Wewe ndiye uliyesoma kile kijitabu. Kuna kitu nilikosea? Niambie tu, sitakasirika. Nataka nijue mkono wangu una nini."

Maji yalikuwa yanatiririka bombani. Nikaliangalia bomba.

"Hakuna," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Basi ni mimi. Nilimwona mama anavyolia, nikajua hii kazi siyo yangu. Naenda kumwambia Daktari kesho siji." Akafunga bomba, akakunja koti lake vizuri, mikono ndani, kama nguo ya mtu anayesafiri, akapita.

Nilisikia hatua zake. Moja, mbili, tatu. Chumba cha kusubiri kina hatua tisa mpaka ofisini, najua kwa sababu ndimi niliyekuwa napiga deki. Kwenye ya sita miguu yangu iliondoka bila kuniuliza.

"Shangazi!"

Si Daktari. Shangazi. Kulikuwa na wagonjwa wawili wanasubiri, na mama katikati yao ameshika shavu.

"Kuna kioo cha chungwa," nikasema. "Pembeni ya taa. Lazima kigeuzwe kabla ya kuziba. Kupunguza hakutoshi, hii haigeuki njano. Imeandikwa ukurasa wa tatu. Nilisoma tangu Jumatatu."

Shangazi alisimama mlangoni mwa ofisi. "Ulisahau?"

Alikuwa amenipa mlango wa kutokea, wazi kabisa.

"Sikusahau."

Mgonjwa mmoja akafunua gazeti ambalo alikuwa amelishika juu chini. Mama alinyanyuka. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umelala, kwa hiyo matusi yalitoka nusu, lakini mkoba wake ulitoka mzima na ukanipata begani. Mara mbili. Sindano ndiye aliyemshika.

"Mama, jino!" akasema. "Utalitikisa!"

"Ulitaka nini?" Shangazi akaniuliza. "Mama yako yuko kwenye kiti, wewe ulikuwa unataka nini?"

"Akosee." Sauti yangu ilikuwa ndogo. "Huyu. Mara moja tu. Kila kitu anakiona yeye."

Sindano alinitazama kama mtu aliyetajiwa jina la ugonjwa wake.

Shangazi akavuta pumzi. "Wifi, rudi kwenye kiti. Tutalifunga sasa hivi, ganzi bado ipo. Wewe," akaninyooshea kidole, "njoo umwonyeshe mwenzako hicho kioo kilipo."

Nikamwonyesha. Ni kijiti kidogo, kinasukumwa kwa kidole gumba. Chumba kikawa rangi ya chungwa, na meno ya mama yakawa ya njano kuliko hata enzi zangu. Dawa ikakaa laini. Shangazi aliichonga dakika saba nzima, taratibu, na haikugoma hata mara moja. Nilifyonza mate. Nilifyonza vizuri, kwa taarifa yako.

Mama akaondoka na Sindano bila kuniaga. Shangazi akanyoosha mkono, nikampa barua. Hakuichana. Aliiweka kwenye droo, akatoa karatasi nyingine tupu, akaisukuma upande wangu pamoja na kalamu.

"Mwandiko wako mzuri kuliko wangu. Andika ya mdogo wako. Chuo kinataka sababu tatu. Mimi nitasaini."

"Shangazi, si uandike wewe..."

"Daktari," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Nikaandika jina lake lote, lile refu ambalo hakuna anayelitumia. Sababu ya kwanza ilitoka yenyewe: huona ambacho wengine wamekipita. Ya pili, huuliza swali hata kama litamfanya aonekane mjinga. Hapo nilitulia kidogo, maana mkono ulikuwa unauma, na si mkono tu. Nilikuwa namwonea wivu kila neno. Nilitaka hata moja liwe langu.

"Bado moja," akasema Shangazi, anafuta miwani.

Nikaandika: palipotokea kosa, alilibeba yeye, na halikuwa lake.

Shangazi akaisoma yote akiwa amesimama, midomo inatembea. Akasaini. Muhuri akanipa nigonge mimi.